Herufi za Mwanzo na Maana ya Neno: Tahakiki ya Dai la Fonestemu

Katika mafunzo ya Kiingereza, na sasa hata katika tasnifu za wanafunzi wa Kiswahili, kuna dai moja ambalo limepata wafuasi wengi. Dai lenyewe ni kwamba maneno yanayoanza kwa herufi zilezile huwa na maana zinazokaribiana, na kwamba sababu ya ukaribu huo ni sauti zenyewe. Mfano unaotolewa kila mara ni gl- ya Kiingereza. Glitter ni kumetameta, gleam ni kung'aa, glow ni kutoa mwanga wa taratibu kama kaa la moto, glimmer ni mwanga hafifu unaokuja na kupotea, na glare ni mwanga mkali unaoumiza macho. Mfano wa pili ni sn-, ambao unahusishwa na pua: snout ni pua ya mnyama kama nguruwe, snore ni kukoroma, sniff ni kunusa, sneeze ni kupiga chafya, na snot ni kamasi.

Orodha hizi zinavutia. Mwanafunzi akizisoma mara ya kwanza hudhani amepewa ufunguo wa lugha nzima. Hapo ndipo tunapoona haja ya kuandika makala haya. Tunakusudia kulipima dai hili pale lilipozaliwa, yaani katika Kiingereza, kisha kuuliza kama linafaa kuhamishiwa katika Kiswahili. Msimamo wetu ni kwamba makundi haya ya maneno yapo kweli katika Kiingereza, lakini maelezo yanayotolewa kuyahusu mara nyingi si sahihi. Na kwamba anayeyatafuta katika herufi za mwanzo za maneno ya Kiswahili anatafuta mahali pasipofaa.

Dai lenyewe na historia yake

Suala hili si geni. Plato, katika mazungumzo yake yanayoitwa Kratilo, anamwonyesha Sokrate akijadili kama majina ya vitu yana uhusiano wa asili na vitu vyenyewe. Sokrate anapendekeza kwamba sauti r inafaa mwendo na sauti l inafaa ulaini. Lakini baadaye anakiri tatizo: neno la Kigiriki lenye maana ya ugumu lina l ndani yake, na bado watu wanaelewana. Hivyo pingamizi la kwanza dhidi ya dai hili lilitolewa katika kitabu kilekile kilichoanzisha mjadala.

Kwa upande wa Kiingereza, John Wallis alichapisha sarufi yake kwa Kilatini mwaka 1653, na humo akaorodhesha mianzo ya maneno aliyoona ina maana. Kwa mfano, alisema wr- huashiria kujipinda au kupotoka. Mwaka 1916 kikatoka kitabu cha mihadhara ya Ferdinand de Saussure, ambacho kiliweka msingi wa isimu ya kisasa kwa kusema kwamba uhusiano wa sauti na maana ni wa nasibu. Hata hivyo, mwaka 1930 Mwingereza J. R. Firth aliona kwamba makundi kama sl- na sn- hayawezi kupuuzwa, akayaundia istilahi ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita fonestemu. Mmarekani Dwight Bolinger aliendeleza uchambuzi huo mwaka 1950.

Aliyelifikisha dai hili mbali zaidi ni Margaret Magnus katika kitabu chake Gods of the Word cha mwaka 1999. Kwa Magnus, si baadhi tu ya mianzo iliyo na maana, bali kila konsonanti ina tabia yake, na tabia hiyo huonekana katika maneno yote inamoingia. Tunamsifu kwa jambo moja: hakuridhika na mifano mitano au sita, bali aliyapanga maneno ya Kiingereza kwa wingi na kumwalika msomaji ajaribu kuyapanga mwenyewe. Aidha, hasemi kwamba sauti peke yake ndiyo inayoamua kitu kinachotajwa na neno. Lakini wanaomfuata hawakumbuki tahadhari hiyo. Wao hubeba orodha tu.

Ukweli uliomo ndani ya dai

Haki itendeke kabla ya kukosoa. Makundi haya si ndoto. Mwaka 2004 Benjamin Bergen alichapisha katika jarida la Language jaribio alilowafanyia wazungumzaji wa Kiingereza. Alipowaonyesha maneno mawiliwawili, waliitambua glow haraka zaidi baada ya kuona glitter kuliko walivyofanya kwa maneno yaliyofanana sauti tu au maana tu. Hii ina maana kwamba akili ya mzungumzaji imeyaweka maneno hayo kapu moja. Bergen alionyesha pia kwamba, katika mkusanyiko mmoja mkubwa wa matini, takriban asilimia 39 ya maneno mbalimbali yanayoanza na gl- yanahusu mwanga au kuona.

Tena kuna ushahidi kwamba sauti na maana zinaweza kukaribiana hata nje ya lugha moja. Mwaka 1929 Wolfgang Köhler alieleza jinsi watu wanavyolipa umbo lenye ncha kali jina la sauti kavu, na umbo la mviringo jina la sauti laini. Jaribio la namna hiyo lililochapishwa mwaka 2022 lilihusisha wazungumzaji wa lugha 25, na kwa jumla majibu takriban asilimia 72 yalikuwa kama ilivyotarajiwa. Mwaka 2016 Damián Blasi na wenzake walichunguza orodha za maneno kutoka karibu theluthi mbili ya lugha za dunia, wakaona kwamba neno la pua huelekea kuwa na n na neno la ulimi huelekea kuwa na l, kuliko bahati tupu ingeruhusu.

Sisi wa Uganda tunaweza kuupima mwelekeo huo papo hapo. Ulimi kwa Kiswahili una l, na olulimi kwa Luganda lina l. Ennyindo, yaani pua kwa Luganda, ina n. Lakini pua ya Kiswahili haina n hata moja, na Waswahili hawajawahi kupata shida ya kunusa. Mwelekeo ni mwelekeo, si kanuni.

Udhaifu wa maelezo

Turudi kwenye asilimia 39. Ikiwa maneno 39 kati ya 100 yanahusu mwanga au kuona, basi 61 hayahusu. Glue ni gundi, glove ni glavu, globe ni tufe, gland ni tezi, glutton ni mlafi, na glean ni kuokota masazo ya mavuno kama alivyofanya Ruthu katika Biblia. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba gl- ni mwanga akikutana na glean katika mtihani atakisia vibaya, na atakisia kwa kujiamini. Hilo ndilo dhara la kwanza la orodha za kukariri: zinaonyesha maneno yanayokubali na kuficha yanayokataa.

Watetezi wa dai wana jibu. Watasema utukufu, yaani glory, nao hung'aa. Na kwamba mlafi humeza chakula kwa macho kabla ya kukimeza kwa kinywa. Kwa mtindo huu hakuna neno litakaloshindwa kuingizwa kundini. Dai ambalo mfano wowote unaweza kulithibitisha halijathibitishwa na mfano wowote.

Udhaifu wa pili ni wa kihistoria. Wanaisimu wa historia huyahusisha mengi ya maneno ya gl- yenye maana ya mwanga na mzizi mmoja wa lugha mama ya Kihindi-Ulaya, mzizi uliohusu kung'aa. Glass, yaani kioo, ni wa ukoo huo. Glad, ambalo leo lina maana ya kufurahi, zamani lilikuwa na maana ya kung'aa. Maneno haya yanafanana kwa sababu ni ndugu, kama watoto wa mama mmoja wanavyofanana pua. Ushahidi mkubwa zaidi ni kwamba ukoo huo pia una gold, yaani dhahabu, na yellow, yaani rangi ya manjano. Haya mawili hayaanzi na gl-, na bado mng'ao umebaki ndani ya maana zake. Kwa upande mwingine, glue na globe zilitoka katika Kilatini na zinaanza na gl-, lakini hazina mng'ao wowote. Kwa hiyo kilichohifadhi maana ni ukoo, na herufi za mwanzo ni alama tu ambayo wengine wa ukoo wanayo na wengine hawana.

Kuna nguvu ya tatu, nayo ni mlinganisho. Neno sneeze linafundisha sana hapa. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa fneosan, na lilianza na fn-. Kufikia karne ya 15 mwanzo wa fn- ulikuwa umekaribia kutoweka katika lugha, na neno hilo likahamia sn-, ambako tayari kulikuwa na maneno mengine ya pua. Kama sauti sn ingekuwa na pua ndani yake kwa asili, neno la chafya lisingehitaji kusubiri karne zote hizo kuipata. Kundi lilipokuwa kubwa lilivuta lililo jirani. Na halikuvuta yote: snow ni theluji, snake ni nyoka, snail ni konokono, na yote yapo palepale kwenye sn- bila kuhusiana na pua.

Mwisho ni suala la mofolojia. Mwanzo un- wa Kiingereza ni mofimu kamili. Ukiuondoa katika unhappy kinabaki happy, neno lenye maana, na un- imeongeza ukanushi. Ukiondoa gl- katika glitter kinabaki kipande ambacho si neno. Bolinger aliliona tatizo hili. Alijaribu kulitatua kwa kutazama pia miisho inayofanana, lakini alichopata ni makundi yanayoingiliana, si mofimu zinazojenga maneno kwa utaratibu. Hata un- yenyewe inadai uangalifu: uncle ni mjomba au baba mdogo, na hapo hakuna kilichokanushwa.

Kiswahili si Kiingereza

Sasa tuvuke kuja kwetu. Tumekuwa tukiona kazi za wanafunzi ambazo mada yake ni fonestemu za Kiswahili. Mwandishi huchagua herufi, hukusanya maneno yanayoanza nayo, kisha hutangaza maana ya herufi. Tuchukue mfano wa mwanga, ili tulinganishe na gl- bila upendeleo. Mtu anaweza kudai kwamba m- ya Kiswahili ni ya mwanga, na orodha yake ikawa hii: mwanga, mwangaza, mwenge, mwezi, mshumaa, meremeta, metameta, memeteka, mulika. Ni orodha nzuri kuliko nyingi za Kiingereza.

Tuipepete. Mwenge wingi wake ni mienge, mwezi ni miezi, mshumaa ni mishumaa. Basi m- hapo ni kiambishi cha ngeli, kilekile kilichomo katika mti, mkeka na mkate. Mshumaa tena ni neno la mkopo kutoka Kiarabu, ambalo lilikuja bila m- na likavishwa m- hapa pwani. Mwanga na mwangaza vina mzizi mmoja, na ndugu zao ni anga, angaza, angavu na kiangazi. Hakuna hata mmoja kati ya ndugu hao anayeanza na m-. Kutoka maneno tisa tumebaki na vitenzi vinne.

Hapa ndipo tofauti ya msingi inapojitokeza. Katika Kiswahili, maneno ya ukoo mmoja kwa kawaida huanza kwa herufi tofauti: soma, msomi, somo, kisomo, usomaji. Na maneno yasiyohusiana kabisa kimaana huanza kwa herufi moja, kwa sababu sarufi inataka hivyo. Tazama sentensi hii: Kitabu kile kikubwa kimepotea. Maneno manne, na yote yanaanza na ki-. Weka katika wingi, yote yataanza na vi-. Hakuna atakayesema kwamba ukubwa na upotevu vina maana moja. Ki- hiyo inatuambia kipi kinakwenda na kipi katika sentensi. Mwanzo wa neno la Kiswahili umeshapewa kazi, na kazi hiyo ni upatanisho.

Mlinganisho upo hata kwetu, lakini matokeo yake ni tofauti. Neno kitabu lilitoka Kiarabu, na ki yake ilikuwa sehemu ya mzizi. Waswahili waliisikia kama kiambishi, wakasema vitabu. Luganda lina ekitabo na ebitabo, na Kinyarwanda kina igitabo na ibitabo. Madereva wa Tanzania walichukua maneno mawili ya Kiingereza ya kumwamuru mtu ashike kushoto, wakapata kipilefti na vipilefti. Sneeze ilivutwa na kundi la maana. Kitabu na kipilefti zilivutwa na mfumo wa ngeli. Kila lugha huvuta kuelekea pale palipo na nguvu zake.

Taswira ya sauti iko wapi basi?

Tusieleweke kwamba Kiswahili hakina uhusiano wa sauti na maana. Kinao, tena kwa wingi, ila hakikai katika herufi ya mwanzo. Kwanza kuna tanakali za sauti. Mtu huanguka pu, huanguka majini chubwi, huanguka mchangani tifu. Nguo huwa nyeupe pe, giza huwa totoro, mvua humlowesha mtu chapachapa. Hapa neno zima hubeba taswira.

Pili kuna urudufu. Turudi kwenye vitenzi vinne vilivyobaki katika chekecheke yetu: meremeta, metameta, memeteka, mulika. Vitatu vina silabi au sauti zinazojirudia, na ndivyo hivyo vinavyotaja mwanga unaochezacheza. Mulika haijirudii, na mwanga wake ni wa kuelekezwa mahali pamoja, kama wa tochi. Weka karibu yake tetemeka, papatika, pepea na yumbayumba. Hakuna mwanga humo na hakuna m- ya mwanzo, lakini mjongeo wa kurudiarudia upo. Luganda nalo lina okumasamasa kwa maana ya kumetameta. Mwenye haraka atasema m hiyo tena! Sisi tunasema ni urudufu tena, na zaidi ya hayo Luganda na Kiswahili ni lugha za ukoo mmoja wa Kibantu, kwa hiyo kufanana kwao kwa m hakuthibitishi sheria ya dunia, kama vile Kijerumani kuwa na glänzen na glühen hakuongezi ushahidi kwa Kiingereza jirani yake.

Je, dai letu la urudufu nalo litapita katika chekecheke ileile? Ni lazima tuulize. Ni kweli kwamba baba, dada, kaka na nyanya vinajirudia bila mjongeo wowote. Lakini urudufu una jambo ambalo gl- haina. Piga huzaa pigapiga, kata huzaa katakata, cheka huzaa chekacheka. Ukiondoa kilichoongezwa, kinachobaki ni neno kamili, na tofauti ya maana inatabirika: tendo linarudiwa, au linafanywa ovyo, au kwa kiasi. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuurudufisha mzizi ambao hajawahi kuusikia umerudufiwa, na akaeleweka. Hiyo ndiyo alama ya kanuni iliyo hai.

Hitimisho

Kinachotusumbua zaidi katika orodha hizi ni njia. Nadharia iliyotokana na umbo la neno la Kiingereza inachukuliwa kama ilivyo, kisha Kiswahili kinalazimishwa kuijaza. Matokeo yake mwanafunzi anasoma ngeli kana kwamba ni ushairi, na wakati huohuo tanakali na urudufu, ambavyo ndivyo utajiri wetu halisi, vinabaki katika ukurasa mmoja mwishoni mwa kitabu cha fasihi. Hasara ni yetu.

Tunapendekeza basi kwamba kila tasnifu ya eneo hili, kabla ya kupitishwa, ijibu maswali matatu. Kwanza, ukiuondoa mwanzo unaodaiwa kuwa na maana, kinachobaki ni mzizi au neno? Kama ni neno, huenda tunazungumzia kiambishi cha kawaida. Pili, maneno yaliyoorodheshwa ni mangapi kweli, ukishaunganisha yale yaliyonyambuliwa kutoka mzizi mmoja? Nya na nyesha ni mzizi mmoja, si ushahidi mara mbili. Tatu, ni maneno mangapi yanayoanza vivyo hivyo katika kamusi nzima, na mangapi kati yake yanakataa dai? Hesabu hii ifanywe kwa kamusi kutoka neno la kwanza hadi la mwisho wa herufi hiyo, si kwa kuchagua.

Kwa wenzetu wanaofundisha Kiingereza tunasema orodha za gl- na sn- zinaweza kumsaidia mwanafunzi kukumbuka maneno aliyokwisha kujifunza, na zinaweza kumsaidia msomaji wa ushairi kusikia kile ambacho mshairi anasikia. Zisitumiwe kumfundisha kukisia maneno asiyoyajua. Kwa wanafunzi wetu wa Kiswahili tunasema utafiti wa sauti na maana katika lugha hii bado una nafasi kubwa. Uanzie kwenye tanakali, kwenye urudufu na kwenye lugha za Kibantu mnazozungumza nyumbani, na kamusi iwe wazi mezani tangu siku ya kwanza.